Kabla ya bwawa kulikuwa na birika

Mwanzoni mwa Februari 2025 kisiwa cha Santorini kilitikisika mfululizo, usiku na mchana, na serikali ya Ugiriki ikatoa maagizo ambayo mtu yeyote angeyatarajia. Shule zikafungwa. Mikusanyiko mikubwa ya ndani ikakatazwa. Watu wakaambiwa wasikaribie bandari ndogo zilizo chini ya majabali, yaani Ammoudi, Armeni na bandari ya zamani ya Fira. Zaidi ya watu 11,000 walipanda meli na ndege wakaondoka. Katikati ya maagizo hayo mlikuwa na moja nililolisoma mara mbili: wenye mabwawa ya kuogelea wayamwage maji.

Kihandisi agizo hilo halina kitendawili. Maji ni mazito, na ardhi ikiyumba nayo huyumba, yakisukuma kuta za bwawa huku na huku. Pale Oia na Imerovigli, vijiji vya ukingoni, bwawa halisimami peke yake uwanjani. Limechongwa ukingoni mwa jabali, ukuta wake umeshikana na chumba cha kulala cha hoteli, na chini ya chumba hicho kuna bwawa la hoteli nyingine. Kilichonishtua ni historia. Hapa ni mahali ambapo kwa karne nyingi maji yalipimwa kwa ndoo, ambapo kila paa lilijengwa kwa kufikiria tone la mvua litakakoelekea. Sasa maji yamekuwa mengi kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa hatari.

Nimekuwa nikifuatilia nyumba za visiwa vya Ugiriki kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kujitetea mbele ya familia yangu, na kisa cha Santorini husimuliwa vibaya karibu kila mahali. Kwa kawaida husimuliwa hivi: palikuwa na kijiji cheupe cha kale, likaja tetemeko la 1956 likakibomoa, kikajengwa upya vilevile, watalii wakaja kukipenda. Kila kipande cha usimulizi huo kina ukweli kidogo, ila ukiunganisha vyote unapata uongo. Tetemeko lenyewe liliua na kubomoa, lakini umbo la nyumba liliamuliwa baadaye, na mambo mawili: nani alirudi kukaa, na nani alilipa gharama.

Tuanze na udongo, maana bila huo hakuna nyumba.

Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita volkeno ya Santorini ililipuka kwa nguvu iliyozamisha katikati ya kisiwa na kuacha kaldera, shimo kubwa lililojaa bahari na kuzungukwa na majabali yanayoinuka mamia ya mita. Juu ya kile kilichobaki lilitanda tabaka nene la majivu na mawe mepesi, sehemu nyingine lenye kina cha makumi ya mita. Majivu hayo yana tabia ya ajabu. Unaweza kuyachimba kwa sururu, na bado husimama wima bila kumwagika. Ukiyachanganya na chokaa yanakuwa saruji ya asili inayogumu hata chini ya maji, ndiyo sababu katika miaka ya 1860 yalichimbwa kwa wingi na kupelekwa Misri kwa ujenzi wa Mfereji wa Suez. Wachimbaji wa kisiwa jirani cha Thirasia, walipokuwa wakikata majivu hayo kwa ajili ya Suez, walikuta kuta za nyumba za watu wa zama za kabla ya mlipuko. Kwa hiyo majivu yaliyozika nyumba za kale ndiyo yaliyokuja kuwa malighafi ya nyumba mpya, na yakabaki ya kuuza nje.

Kitu ambacho kisiwa hakikuwa nacho ni mbao. Hakuna msitu wa kukata boriti wala nguzo. Pasipo boriti huwezi kuezeka paa bapa lenye upana wa maana, na mwashi wa Santorini akalazimika kuishi na tao. Akapaua kwa mawe mepesi ya volkeno na ule udongo uliochanganywa na chokaa, paa refu la mviringo lililo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikwa juu ya kuta. Na aliyekosa hata pesa ya mawe akaingia ardhini: akachimba chumba ndani ya mwamba wa majivu, akajenga ukuta wa mbele tu.

Nyumba hizo za kuchimbwa zina mpango mmoja ambao ukishauona hausahau. Mbele ni ukuta mwembamba wenye mlango katikati, dirisha kila upande, na kidirisha kingine juu ya mlango. Unaingia sebuleni. Mwisho wa sebule kuna kiambaza chenye mlango, madirisha mawili na kidirisha cha juu, sawasawa na ule ukuta wa nje, na nyuma yake chumba cha kulala kilichozama ndani ya jabali. Kiambaza kile cha ndani kinafuata uso wa nyumba kwa sababu mwanga wote unatoka upande mmoja. Matundu lazima yapangane ili jua lifike nyuma. Jiko ni kona. Choo kiko nje uani. Majira ya baridi nyumba ina joto, majira ya joto ina ubaridi, na mwaka mzima ina unyevu ambao waandishi wa majarida ya safari huwa hawautaji.

Kisha birika, yaani shimo la kuhifadhia maji ya mvua. Paa na ua wa nyumba vililazwa kwa mteremko mdogo ili mvua ikimbilie kwenye mfereji, na mfereji ukaishia birikani, chini ya ua. Mvua ni chache na huja majira ya baridi tu. Kiangazi ni kirefu. Chokaa iliyopakwa juu ya paa ilikuwa na kazi mbili kabla ya kuwa na uzuri wowote: kuziba nyufa, na kuweka safi njia ya maji ya kunywa. Kwenye mteremko wa kaldera, paa la nyumba ya chini ndilo ua wa nyumba ya juu, na hapo ujirani unaingia kwenye uhandisi. Jirani wa juu akichafua ua wake, wa chini anakunywa. Mimi naamini mpangilio ule wa vijiji, unaowafanya wageni washike kamera, ulitokana na maji na ujirani kuliko macho ya msanii yeyote.

Sasa jambo ambalo linanichekesha kila nikilikumbuka. Huko Oia, mwishoni mwa karne ya 19, kijiji kilikuwa na utajiri wa meli za matanga zilizobeba bidhaa kati ya Bahari Nyeusi na bandari za Mediterania. Manahodha na wenye meli walijenga juu, kwenye tambarare ya mgongo wa kisiwa, nyumba za ghorofa zenye kuta za mawe yaliyochongwa, madirisha makubwa, rangi ya manjano ya udongo na nyekundu iliyofifia. Mabaharia wao, wapagazi na maskini wengine walichimba mapango kwenye uso wa jabali, mahali penye upepo na ngazi zisizoisha. Mandhari ya kaldera ilikuwa ya bure kwa sababu haikuwa na thamani. Nahodha aliyeitazama bahari mwaka mzima akiwa kazini hakuhitaji kuitazama akiwa kitandani. Leo pango la baharia ndilo la gharama kubwa kupita yote kisiwani, na nyumba ya nahodha, iliyo mbali kidogo na ukingo, hupangishwa kwa bei ndogo zaidi.

Lakini bado hatujafika kwenye tetemeko, na hili ni la muhimu: Oia ilianza kupungua kabla ya 1956. Meli za mvuke ziliua matanga. Wenye mitaji walihamia Piraeus, bandari ya Athens. Vita Kuu ya Pili ikaja na njaa yake. Volkeno yenyewe, kule katikati ya kaldera, ilitema moto mwaka 1939 hadi 1941 na tena 1950. Nyumba nyingi za manahodha zilikuwa tayari zimefungwa, funguo ziko kwa shangazi fulani.

Tarehe 9 Julai 1956, saa 11 alfajiri, ardhi ilitetemeka karibu na kisiwa cha Amorgos kwa ukubwa wa takriban 7.7, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa ya karne ya 20 barani Ulaya. Dakika 13 baadaye likafuata jingine, kubwa nalo. Mawimbi ya tsunami yakapiga visiwa jirani. Santorini walikufa watu 53. Zaidi ya theluthi moja ya nyumba zilianguka na nyingine nyingi kupasuka, na karibu majengo yote ya umma yakaharibika.

Ukitazama picha za siku zile utaona jambo moja wazi. Nyuso za nyumba zimemwagika chini, ghorofa za manahodha zimefunguka kama jukwaa la maigizo, na nyuma ya kifusi matundu ya mapango yanaonekana, mengine mazima, mengine yamezibwa na mawe yaliyoporomoka kutoka juu. Kilichojengwa kwa kupandisha kiliumia zaidi. Kilichochimbwa kilitegemea tu kama jabali lililokishika lilitulia. Huo haukuwa ushindi wa hekima ya mababu, kama baadhi ya waandishi wanavyopenda kudai. Pango likiporomoka halina mlango wa pili.

Hapo ndipo serikali ilipoingia. Timu iliyoongozwa na msanifu Konstantinos Dekavallas ilipewa kazi ya kujenga makazi mapya, na kwa maoni yangu ilifanya kazi nzuri kuliko inavyosifiwa. Walikuwa na haraka na bajeti ndogo, na familia zilikuwa kwenye mahema. Wangeweza kuleta masanduku ya zege kutoka Athens yakalingana na ya mahali pengine popote. Badala yake walichukua lile paa la tao na kulifanya moduli, yaani kipande cha kurudiwarudiwa, nyumba moja ikiunganishwa na nyingine, na nyua zikapangwa ili upepo ukatike. Wakazi wa Mesa Gonia, kijiji cha ndani kilichoumia sana, walihamishiwa Kamari karibu na pwani ya mashariki. Nyumba hizi za miaka ya 1950 ni nyumba za kisiwa kwa maana kamili, lakini mtalii akizipita humwambia dereva aongeze mwendo. Hazina umri wa kutosha kuwa magofu, na hazitazami kaldera.

Na walioishi ukingoni? Wengi waliondoka moja kwa moja. Aliyepewa nyumba mpya chini tambarare, yenye barabara na karibu na shamba la zabibu, alikuwa na sababu gani ya kurudi kwenye ngazi? Mapango ya Oia yakabaki wazi, milango imeng'olewa, mbuzi wanaingia na kutoka. Kati ya 1956 na katikati ya miaka ya 1970 hicho ndicho kipindi ninachokiona kuwa cha maamuzi, ingawa ndani yake hapakutokea chochote cha kupigwa picha. Kijiji kilipoteza watu wake bila kupoteza kuta zake zote. Kikawa tayari kupewa kazi nyingine.

Kazi hiyo ilikuja na Shirika la Utalii la Ugiriki. Uwanja wa ndege ulikuwa umefunguliwa 1972. Shirika lilianzisha mpango wa kuokoa vijiji vya jadi, Oia kikiwa kimoja, na vingine vikiwa Mesta kule Chios, Vathia kwenye rasi ya Mani, na Papingo milimani Epirus. Mkataba wake ulikuwa wa busara: mwenye nyumba anaikabidhi kwa shirika kwa kipindi cha miaka kadhaa, shirika linaikarabati kwa gharama zake na kuiendesha kama nyumba ya wageni, muda ukiisha mwenyewe anarudishiwa ikiwa nzima. Hauzi, hafukuzwi, halipi. Waashi wazee waliokumbuka kuchanganya udongo wa kisiwa na chokaa walipata kazi tena na vijana wa kuwafundisha. Mpango ule wa Oia ulipata tuzo ya Europa Nostra, shirika la Ulaya la kulinda urithi, na ukasomeshwa vyuoni.

Sina neno baya juu ya ukarabati wenyewe. Michoro yake niliyoiona ni ya watu walioheshimu kila tundu la ukuta. Tatizo lilikuwa kwenye wazo lenyewe, na lilikuwa dogo kiasi kwamba sidhani wengi waliliona: nyumba iliokolewa kwa kuifanya ya mgeni. Vitanda viliwekwa palipokuwa na vitanda, meza palipokuwa na meza, ila aliyelala pale alikuwa anaondoka Jumamosi. Siku mwenyewe aliporudishiwa ufunguo, alirudishiwa biashara. Jirani yake ambaye hakuwa kwenye mpango aliangalia hesabu, akakarabati ya kwake kwa mkopo. Kufikia miaka ya 1990 soko lilikuwa limejifunza kila kitu ambacho serikali ilikuwa na cha kulifundisha.

Kuanzia hapo mabadiliko yalikuja kutoka ndani kwenda nje, maana nje palilindwa. Sheria za ujenzi ukingoni mwa kaldera zinasimamia rangi, urefu, umbo la mlango na la dirisha. Hazikuzuia sebule na chumba cha kulala kuunganishwa kuwa chumba kimoja cha kifahari. Kiambaza kile cha katikati, chenye matundu yaliyopangana na ya nje, kilikuwa cha kwanza kuvunjwa, kwa kuwa taa za umeme zilikuwa zimekwisha kukinyang'anya kazi. Chumba cha nyuma, kile cha giza na unyevu alikokuwa amelala bibi, kikawa bafu lenye bwawa dogo la maji ya moto. Unyevu uliokuwa aibu ya nyumba sasa unauzwa kwa jina la mvuke.

Kisha ikaja michimbo mipya. Hili linahitaji macho ya mtu anayejua mpango wa zamani. Pango la kweli lina uwiano: jembamba, refu kwenda ndani, kwa sababu aliyelichimba alikuwa na sururu na hofu ya dari kumwangukia. La leo ni pana, kona zake zimeviringishwa kama sabuni iliyotumika, kitanda kimemwagwa kwa zege pamoja na sakafu, na shelfu zinachipuka ukutani. Mwashi wa zamani aliviringisha kona pale tu lipu ilipomlazimu. Mwashi wa hoteli huviringisha kila kitu, maana picha inataka hivyo. Matokeo yake ni kwamba nakala imekuwa ya kisantorini zaidi kuliko nyumba halisi, na ukimwonyesha mgeni pango ambalo halijaguswa huko Thirasia, ng'ambo ya maji, ataona limejengwa vibaya.

Nilikwenda Thirasia, na nawashauri wenye nia ya kuzielewa nyumba hizi waanzie huko. Kuna kijiji kiitwacho Agrilia ambacho watu wake walihama, kimelala kwenye korongo, mapango yamejipanga pande zote mbili yakitazamana. Mle unaona moshi wa jiko bado umeganda darini. Unaona tabaka za chokaa zilizopakwa mwaka baada ya mwaka hadi pembe zikapoteza ukali, na ndipo unajua zile kona laini zilitoka wapi. Zilitokana na kupaka tena na tena, na hakuna fundi aliyezichora.

Chokaa yenyewe inastahili aya yake. Chokaa hupumua: unyevu unaotoka mwambani hupita ndani yake na kukauka nje, na kila baada ya majira ya baridi unapaka upya kwa gharama ndogo. Rangi ya plastiki na lipu ya saruji hufunga. Unyevu ukikosa pa kutokea hujikusanya nyuma ya lipu, chumvi inaganda, lipu inavimba na kubanduka vipande vipande. Ukifika Oia mwezi wa Machi, kabla msimu haujaanza, utawakuta mafundi wamening'inia kila kona wakibandua na kupaka. Wengine huita hilo utunzaji wa jadi. Mimi naona ni hoteli zinazolipa kila mwaka adhabu ya kutumia saruji mahali palipotaka chokaa, ila adhabu hiyo imeingizwa kwenye bei ya chumba na haimuumi mtu.

Na birika? Maji ya bahari yanayosafishwa chumvi kwa mitambo yalikifikia kisiwa, na birika likakosa kazi. Mengine yaligeuzwa stoo, mengine bafu, mengine yakafunikwa na mbao za sitaha. Juu ya ua ule ule uliokuwa ukinasa mvua likachimbwa bwawa. Hapo uhusiano wa jirani wa juu na wa chini ukageuka kabisa. Zamani walishirikiana maji. Siku hizi wanashtakiana kwa ajili yake, kwa kuwa bwawa linalovuja juu hulowesha chumba cha chini na, mbaya zaidi, hulowesha jabali. Majivu makavu husimama wima kwa karne. Yakilowa kila siku, ni habari nyingine.

Wapo watakaoniuliza: basi ungetaka wafanyeje? Waache mapango yaanguke? Swali ni la haki, na jibu haliko Santorini, liko upande wa pili wa Ugiriki, bahari ya Ionia.

Agosti 1953, miaka mitatu tu kabla, mfululizo wa matetemeko uliiangusha Kefalonia, Zakynthos na Ithaca. Lile kubwa la tarehe 12 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.2. Mamia walikufa. Argostoli, mji mkuu wa Kefalonia, wenye nyumba za mtindo wa Venice, ulibaki kifusi. Sehemu ya kaskazini, Fiskardo, ilinusurika, na leo ndiyo inayojaza kurasa za majarida. Kwingine kote walijenga masanduku ya zege yenye nondo: chini, mazito, ya kufanana, yasiyo na haiba yoyote. Watu wengi walihamia nchi za mbali. Waliobaki waliishi humo, wakaongeza ghorofa, wakapanda waridi mbele. Januari na Februari 2014 kisiwa kikapigwa na matetemeko mawili ya takriban 6, mji wa Lixouri ukaumia, barabara zikapasuka, makaburi yakafunguka, na hakuna mtu aliyeuawa na nyumba iliyoanguka. Kila ninapoanza kuzungumza vibaya kuhusu zege, najilazimisha kukumbuka hilo.

Jirani yake, Lefkada, ina jibu la tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kisiwa hicho hutetemeka mara kwa mara, na mafundi wake walikuja na nyumba yenye miguu miwili. Ghorofa ya chini ina kuta za mawe, lakini ndani, karibu na ukuta, zimesimama nguzo za mbao zilizo huru. Siku za kawaida mawe hubeba ghorofa ya juu, ambayo ni fremu nyepesi ya mbao. Tetemeko likiangusha mawe, nguzo hupokea mzigo, watu wa juu wanashuka salama, ukuta unajengwa upya. Waingereza waliotawala visiwa hivyo waliuona utaratibu huo baada ya tetemeko la 1825 na wakauingiza kwenye kanuni za ujenzi. Baadaye ghorofa za juu zilivishwa mabati kukinga mvua, na mabati yakapakwa rangi za bluu, waridi na kijani. Tetemeko la Agosti 2003 lilipokuja, nyumba nyingi za aina hiyo zilifanya kile zilichojengewa kufanya.

Mji wa Lefkada hauuziki. Watalii huuvuka kwa haraka wakielekea fukwe za magharibi, kwa sababu mabati hayana mahaba. Na ndiyo maana bado kuna mafundi wanaojua zile nguzo, na wakazi wanaolala juu yake. Sisemi umaskini ni mlinzi mzuri wa urithi. Nyumba nyingi pale zimeoza na kuvunjwa kwa kukosa pesa. Nasema nyumba ya Lefkada bado inalazimika kujibu tetemeko. Pango la Oia linalazimika kujibu picha.

Hesabu ya Santorini siku hizi inajulikana. Sensa ya 2021 iliwakuta wakazi wapatao 15,500, na wageni kwa mwaka wanakadiriwa kufikia milioni 3.4. Abiria wa meli za kitalii wamewekewa kikomo cha 8,000 kwa siku, na tangu Julai 2025 wanaoshuka msimu wa kilele hulipa ada ya euro 20. Hatua hizi zinahusu miguu ya watu, wala hazigusi kuta. Mwalimu anayepangiwa shule ya kisiwa bado anahangaika kupata chumba, daktari vilevile, kwa kuwa kila chenye paa kinalipa zaidi kwa usiku kuliko kwa mwezi.

Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Santorini anaishi wapi? Anaishi Messaria, Karterados, Kamari, upande wa mashariki unaoteremka taratibu kuelekea bahari, katika nyumba ya zege ya ghorofa moja au mbili iliyojengwa kwa kanuni za matetemeko ambazo Ugiriki ilianza kuzitunga mwaka 1959. Uani kuna gari la kazi, tangi la maji na mzabibu. Juu ya paa nondo zimechomoza kuelekea angani, zimeshika kutu, zikisubiri ghorofa ya binti atakapoolewa au mwana atakaporudi kutoka Athens. Wapo wanaoziona nondo hizo kama uchafu na wametaka zikatwe kwa ajili ya mandhari. Mimi nikizitazama naona mambo yote ambayo lile pango la zamani lilikuwa nayo: nyenzo rahisi kupatikana, fundi wa jirani, familia inayoongezeka, na tetemeko lililowekwa kwenye hesabu tangu msingi. Tofauti ni kwamba hii ina mtu ndani mwezi wa Januari. Februari 2025, mabwawa ya ukingoni yalipokuwa yakimwagwa, baadhi ya wenye nyumba hizi walikuwa wamelala kwenye magari yao uani, na asubuhi wakaingia ndani kupika.